Jeli ya Jicho la Dada

Friji la chumba cha upasuaji lilikuwa wazi, na trei ya jeli ilikuwa tupu. Kitasa hakikuvunjwa. Dawa za kupanua mboni, za bei mbaya, zilikuwepo zote.

"Mwizi gani huyu, anaacha nyama anabeba mfupa?" Inspekta aliuliza.

"Si mfupa, Afande," muuguzi mkuu alimjibu. "Jicho likitobolewa hunywea kama hema lisilo na nguzo. Jeli ndiyo nguzo. Bila hiyo, kifaa kitakwaruza utando wa ndani, na utando ule hauoti tena."

Inspekta alitikisa kichwa. Tone la ute, na limebeba mwanga wa mtu!

Mgonjwa alikuwa nje kwenye kiti cha magurudumu: dada mkubwa wa daktari bingwa. Jicho moja lilishakufa. Lililobaki lilizibwa na mtoto wa jicho.

"Atanipasua mdogo wangu tu," alisema. "Yule binti, mwanafunzi wake, akashone vifungo."

Inspekta alipekua jengo zima. Jeli aliikuta kwenye friji la jikoni, nyuma ya maziwa, imeviringishwa kwa taulo safi. Mwizi aliyeogopa isiharibike! Huyo hakutaka kuuza, na ufunguo alikuwa nao.

Akaingia kwa bingwa bila kubisha. Chai ilikuwa nyingi kwenye kisahani kuliko kikombeni.

"Nimiminie na mimi, Daktari."

Bingwa hakugusa birika.

"Mikono inatetemeka tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Ukaiba jeli yako mwenyewe."

"Ili upasuaji uahirishwe, Afande. Dada alifua nguo za watu nikasoma. Nimwambie mikono aliyoisomesha imekwisha?"

"Mwambie. Mficha uchi hazai. Yule binti je?"

Uso wa bingwa ukachangamka. "Yule? Ananishinda hata nilipokuwa kijana."

"Na nani alimfundisha?"

Bingwa alikwenda, akamweleza dada yake yote. Dada akasonya.

"Mjinga wewe. Haya, mwite huyo binti. Na wewe ukae hapa unishike mkono."

Kupitia kioo Inspekta aliona jeli ikiingia, jicho likasimama imara, na vidole vya binti vikapita ndani kwa utulivu. Kando, mkono uliotetemeka ulikuwa umebanwa ndani ya mkono wa dada. Kwenye jalada Inspekta akaandika: mali imepatikana.

Kesho yake bandeji iliondolewa. Dada alimkazia mdogo wake jicho.

"He! Umezeeka, we mtoto."