Panya Kumi na Wawili Kivukoni Kisorya

Simu ya Rhobi ililia saa nane mchana, akiwa soko la Bunda anachagua nyanya.

"Ng'ombe weupe wametoka zizini. Wanakwenda kunywa maji Kisorya."

Ikakatika.

Rhobi aliziacha nyanya. Ilikuwa lugha ya siri ya idara yao ya usalama: panya wa Daktari Mbuke wameibwa maabara, Butiama, na wanapelekwa kivukoni.

Panya kumi na wawili tu. Lakini Daktari Mbuke alikuwa amekaa miaka sita akibadilisha vinasaba vyao. Thaimasi ni tezi ndogo iliyoko kifuani, juu ya moyo, na ndiyo shule ya askari wa mwili, chembe T. Panya hawa shule yao imefungwa makusudi, na miili yao imewekewa alama inayong'aa, ili daktari aone askari wanakwama darasa gani. Wapo watoto wanaozaliwa hivyohivyo. Mafua tu yanawaua. Panya wakivuka ziwa, wageni wanaowanunua watadai utafiti huu ni wao, na Mbuke hana wengine wa kuanzia.

Pikipiki yake, Boxer, ilinguruma. Bastola ya Glock kiunoni chini ya kitenge, tochi ya buluu ya kuwamulika panya kwenye pochi.

Njiani Werema, bosi wake wa Musoma, akampigia simu. Akamtaka arudi. Mzigo huo, alisema, una kibali chenye muhuri, na mkubwa mmoja serikalini anautetea.

"Mzee, mwambie hukunipata."

Akazima simu.

Kisorya, kivuko cha kwenda kisiwa cha Ukerewe kilikuwa kinapakia: mbuzi, kreti za soda, magodoro. Rhobi alipita polepole, akikagua kimoja kimoja, mpaka kwenye Hilux nyeupe yenye magunia sita ya dagaa wakavu.

Dagaa wanaokwenda Ukerewe.

"Kaka," alimwambia dereva, Burito, mlanguzi ambaye picha yake aliijua, "dagaa si hukohuko kisiwani ndiko wanatokaga? Wamewaishia?"

Wapakiaji wakacheka. Burito hakucheka. Alichomoa chini ya magunia boksi la plastiki lenye chujio la hewa, akashika mfuniko.

"Ukisogea nafungua, dada. Hawa hewa yetu hii inawaua."

Rhobi hakugusa bastola.

"Fungua. Waliokutuma wanawataka wazima. Wakifa, watakutafuta wewe, siyo mimi. Fungua basi."

Burito akatazama ng'ambo ya maji. Sekunde mbili.

Zilitosha.

Kiwiko shingoni. Pingu. Boksi Rhobi amelipakata kama kichanga.

Akavaa miwani ya njano ya kuchuja mwanga, akawasha tochi ya buluu. Miili midogo ikang'aa kijani. Akahesabu mara mbili. Kumi na wawili, wote wanatembea.

Polisi wa kivuko walipomchukua Burito, Rhobi alimpigia Daktari Mbuke, akamwambia wote wazima. Mama mtu mzima yule akalia bila kujificha.

Halafu Werema. Mkubwa amechafuka, alisema, anawataka panya leo hiihii.

"Aje Butiama, mzee. Awaombe kwa Daktari mwenyewe, mbele yangu."

Akalifunga boksi nyuma ya Boxer kwa kamba mbili za mpira, akakagua fundo mara tatu, akaondoka mwendo wa taratibu, asiwatikise.