Vikombe Vitatu Kibandani

Halvor alirudi kutoka ziwani na ndoo ya maji. Ilikuwa saa tisa alasiri, na giza la Desemba, ambalo huko kaskazini huwahi, lilikwisha shuka mlimani. Alivua mbao zake za kutelezea thelujini, akazigonga ukutani kuzikung'uta, akasukuma mlango wa kibanda.

Harufu ya kahawa.

Rafiki yake Tarjei alikuwa amepanga vikombe vitatu mezani, kando ya daftari ambamo kila mpita njia huandika jina. Halvor hakuwa ameligusa. Kwa miaka thelathini aliandika "Halvor na Gudrun". Mkewe alizikwa Septemba. Jina lake peke yake hakujua kuliandika.

"Umealika nani, mzee? Dubu?"

Tarjei hakucheka.

"Nimewasikia mkija," alinong'ona. "Dakika kumi zilizopita."

Huko kwao, mtu huweza kutanguliwa na vishindo vyake. Aliyemo ndani husikia mbao zikigongwa, anafungua mlango, hakuna mtu. Basi huinjika birika, maana mwenyewe hakawii kufika. Hakuna anayeogopa jambo hilo.

"Umesema *mkija*."

"Mbao jozi mbili, Halvor. Na mmoja alikohoa..."

Gudrun alikohoa kila alipovua kofia.

Basi yuko njiani, Halvor aliwaza. Na ukungu umefunika vigingi vyote vya njia; atapotea. Halvor akachukua taa.

Tarjei akaegemea mlango.

"Nipishe, bwana."

"Sikupishi. Siku tatu nimekuvumilia ukikoroma kama trekta. Sikuyavumilia hayo ili nije nikuzike huku."

Nje, kitu kiligusa ukuta.

Tok. Tok.

Kisha kikohozi... chepesi, karibu kabisa.

Tarjei alikuwa akilia, lakini hakusogea. Wakabaki hivyo, mmoja mlangoni, mmoja na taa mkononi, hadi mafuta yakaisha.

Asubuhi, theluji mpya ilikuwa imefuta kila alama. Halvor akafungua daftari.

Ukurasa wa jana ulikwisha andikwa. *Halvor na Gudrun.* Mwandiko ulikuwa wa Halvor mwenyewe.

"Uliandika kabla ya kwenda ziwani?" Tarjei aliuliza polepole.

"Sijaligusa."

Alishika kalamu muda mrefu, ncha yake juu ya jina la mkewe. Hakulikata. Chini yake aliandika *na Tarjei*, akafunga daftari, akaenda kuosha vikombe, vyote vitatu.