Javeli ya Jumatatu

"Javeli imekwisha, dada Mukunde."

"Imekwishaje, Nasiri? Jumatatu hii, saa tisa tu ya mchana?"

"Wenzako wamebeba zote. Wewe leo umechelewa."

Mukunde alikuwa ameshafungua pochi kununua hiyo dawa ya kusafishia na kuua vijidudu. Akaifunga. "Wenzangu gani?"

Nasiri alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu, hata hakugeuka. "Si hao mnaonunua nao siku moja kila mara. Shimwa wa maziwa na mama Twizeyimana wa brosheti. Nikiwaona ninyi watatu mmekuja kuchukua javeli, najua kesho wakaguzi wa afya wanapita. Mimi wallahi nafagia duka langu kwa kuwaangalia ninyi."

Akacheka. Mukunde hakucheka. Aliondoka bila kuaga, na kichwani mwake kulikuwa na swali moja tu: hao wengine nani anawaambia?

Maana yeye alikuwa anajua nani anamwambia yeye. Simu ilikuwa mfukoni, na ujumbe wa asubuhi ile bado ulikuwa unampasha moto moyo:

"Malaika wa jiko langu, kesho tunapita saa nne. Safisha tangi, ficha vile vidumu vichafu. Nakupenda kuliko wote."

Aliyeandika ni Révérien. Mnamjua mtu wa aina ile hata kama hamjamwona. Koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, kalamu tatu mfukoni na zinazoandika ni moja, manukato yanayotangulia mlangoni dakika nzima kabla yake. Alikuwa mkaguzi kwenye kamati ya afya ya mtaa. Akiingia kwenye mgahawa anafunua sufuria kwa ncha ya kidole kimoja, kama vile ndani amelala nyoka. Mwishoni anabandika karatasi mlangoni: ya kijani ukiwa msafi, ya njano ukionywa, nyekundu ukifungwa.

Mgahawa wa Mukunde ulikuwa Nyakabanda, meza nne na benchi moja. Siku ya kwanza Révérien alimpa njano. Kesho yake akarudi peke yake, bila koti, akaomba isombe na wali. Wiki ya tatu akaanza kutuma ule ujumbe. Tangu hapo miezi minane, mlango wa Mukunde ulikuwa wa kijani tu.

Na msichana wa watu akaona hayo ndiyo mapenzi! Mwanaume anahatarisha kazi yake kwa ajili yangu, alikuwa anajiambia. Mpaka siku ya gusaba ilikuwa imepangwa, wajomba wa pande zote mbili wakae, wasemaji wasemezane, bia inywewe, aombwe mkono. Jumamosi ya tatu kutoka hapo. Mishanana, nguo za sherehe, ilikuwa imeshachaguliwa, rangi ya ndizi mbivu.

Aliyekuwa hafurahi ni mmoja tu, mama yake, Mukamana. Mama huyu alisoma mpaka la sita tu, lakini mtaa ulimchagua kuwa mjumbe wa afya. Anapima watoto uzito, anagawa vyandarua, na kwa zamu anafuatana na wakaguzi.

"Huyo mwanaume ana nini?" alimuuliza siku moja.

"Ana kazi, mama."

"Kazi ya kuchungulia masufuria ya watu! Mwanaume mzima, kutwa yuko majikoni, na kuosha kikombe hajui."

"Mama, wewe hujampenda tangu mwanzo."

"Sijampenda, ndiyo. Halafu nikuambie kingine. Jiko lako linang'aa siku ya ukaguzi. Alhamisi nilipita pale, ukanipa maji, sikuyanywa. Niliyamwaga kwenye maua."

Mukunde alikasirika siku tatu. Yale maneno sasa yalikuwa yanamrudia, huku anateremka kwenda kwa Shimwa.

Shimwa alikuwa na duka la maziwa, msichana aliyekulia Uganda, mdomo mwepesi. Alimkuta ameinama anasugua vidumu, javeli inawasha macho.

"Shimwa, nani amekuambia kesho wanakuja?"

Shimwa akanyanyuka polepole. "Na wewe nani amekuambia?"

Wakaangaliana.

"Toa simu," Mukunde akasema.

"Toa yako kwanza, sha."

Wakaziweka simu mbili kwenye meza, kando ya vikombe. Shimwa akasoma ya kwake kwa sauti, na kila neno sauti ilikuwa inapungua:

"Malaika wa maziwa yangu, kesho tunapita saa tano. Safisha vidumu, ficha yale ya jana. Nakupenda kuliko wote."

"Kuliko wote," Mukunde akarudia.

"Mjinga huyu hata kubadilisha maneno ameona ni kazi!"

Walimkuta mama Twizeyimana nyuma ya banda lake la brosheti, yaani mishikaki, anamwaga javeli kwenye ubao wa kukatia nyama. Mjane, miaka arobaini na moja, mwili wa kutosha. Walipomwonyesha simu, alizisoma mara mbili. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia la makaa.

"Mimi ni malaika wa brosheti zake," akasema, anafuta machozi. "Nimezika mume, nimelea watoto watatu, halafu naitwa malaika wa brosheti, na mimi nikafurahi! Nikasuka na nywele! Ptuu!"

"Alikuahidi gusaba?" Mukunde akauliza.

"Agosti. Na wewe, Shimwa?"

"Baada ya Krismasi. Alisema wazee wake wako mbali."

Wote wawili wakamgeukia Mukunde.

"Jumamosi ya tatu kutoka leo," akasema.

Hapo kicheko kikaisha. Mama Twizeyimana akavuta gunia la pili, akalipiga vumbi. "Kaa hapa, mdogo wangu."

Shimwa ndiye aliyeanza tena, na safari hii alikuwa anaangalia viatu vyake. "Kuna kitu sijamwambia mtu. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yangu alilazwa siku mbili, kuharisha na kutapika. Alikuwa amekunywa maziwa kwangu. Mama yake alifikiri ni maembe, na mimi nikanyamaza. Lakini ni vile vidumu. Tangu huyu mtu aanze kunitumia ujumbe, mimi nasugua siku moja tu. Kwa nini nisugue kila siku, na siku naambiwa?"

Mukunde aliinuka, akarudi kwenye mgahawa wake karibu anakimbia, akapanda kwenye kreti na kufunua tangi lake la maji. Akaingiza mkono. Ukutani mwa tangi kulikuwa na ute wa kijani, mnene, unateleza kama kamasi. Hayo ndiyo maji aliyokuwa anaoshea sahani. Hayo ndiyo aliyompa mama yake.

Alishuka, akanawa mkono mara tatu. Akawaambia wateja wawili waliokuwa wanasubiri chai kwamba leo hauzi tena. Mboga zote akazimwaga. Kisha akawapigia wenzake.

"Javeli mliyobaki nayo iwekeni pembeni. Kesho mtu asisugue kitu."

"Mukunde, watatufunga!" Shimwa akalia kwenye simu.

"Watufunge. Na mtu asiuze hata kikombe. Kesho saa nne njooni kwangu wote."

Révérien alituma ujumbe jioni: "Umeshasafisha, malaika?"

Mukunde akajibu: "Nakungoja."

Saa nne kamili manukato yaliingia. Nyuma ya manukato akaingia Révérien, na nyuma yake Mzee Munyakazi, mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wa mwisho alikuwa Mukamana mwenyewe na daftari lake. Ilikuwa zamu yake.

Révérien alikuwa ameshaanza kutabasamu. Tabasamu likafia njiani. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanawake watatu, bega kwa bega, mikono magotini, kama watu wanaosubiri chanjo.

"Leo mna kikao hapa?" Mzee Munyakazi akauliza.

"Tunasubiri ukaguzi, mzee," Mukunde akasema. "Karibuni. Anzeni na tangi."

Révérien alipanda kwenye kreti kwa madaha, akafunua. Alikaa pale juu muda mrefu kuliko kawaida. Aliposhuka, koti lilikuwa limegusa ukingo wa tangi na kuchora mstari wa kijani kifuani. Akamsogelea Mukunde, meno yamekazwa.

"Unafanya nini? Nilikuambia!"

"Uliniambia nini? Sema kwa sauti, Mzee Munyakazi asikie."

"Ni safi tu, mzee," akageuka haraka. "Vumbi kidogo. Twende kwa Shimwa."

"Kwangu sijaosha," Shimwa akasema kutoka benchi.

"Na mimi ubao una damu ya juzi," akasema mama Twizeyimana. "Inzi wameshajenga."

Jasho likamtoka mwanaume. Macho yakaenda kwa huyu, yakaenda kwa yule, na mdomo ukamtoroka:

"Mna wazimu? Si niliwaambia jana, wote watatu!"

Hata mama Mukamana aliacha kuandika.

"Uliwaambia nini jana, Révérien?" Mzee Munyakazi akauliza, taratibu, kwa ile sauti ya mwalimu aliyeona daftari lililonakiliwa.

Mama Twizeyimana hakumpa nafasi ya kubuni. Alinyanyua simu mbali na macho yake, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Malaika wa brosheti zangu, kesho tunapita saa sita. Osha ubao, ficha nyama ya jana. Nakupenda kuliko wote." Kisha Shimwa akasoma. Kisha Mukunde. Malaika watatu, kila mmoja na jiko lake, na wote wanapendwa kuliko wote.

"Ni utani, mzee... Nilikuwa nawasaidia wanawake wanaojitafutia..."

"Lete hiyo fomu," Mukamana akasema.

"Fomu ni ya mkaguzi, mama."

"Lete, nimesema!"

Akaichomoa mkononi mwake. Akaisogeza karibu na dirisha, akasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa shule ya msingi. "Mgahawa wa Mukunde. Tangi: safi. Vyombo: vikavu. Vidumu: hakuna. Matokeo: kijani." Akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. "Imejazwa tayari. Hajafunua hata sufuria, imejazwa tayari! Mzee, huyu ukaguzi anaufanyia kitandani kwake."

Mzee Munyakazi alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Vua koti, Révérien. Ni la kamati. Ofisini nitakupeleka mimi mwenyewe."

Alivua. Ndani alikuwa na fulana iliyotoboka kwapani. Malaika watatu wakaiona wote pamoja, na mama Twizeyimana akasema taratibu, "Yampaye! Na mimi nikasuka nywele."

Halafu mzee akawageukia wanawake. "Na ninyi, wanangu. Nilichokiona nimekiona. Sina njia, lazima niwafunge."

"Tunajua, mzee," Mukunde akasema.

"Na kuna mtoto wa jirani aliyelazwa mwezi uliopita," Shimwa akaanza, "ni kwa maziwa yangu. Nitaenda kwa mama yake leo. Andika na hilo."

Karatasi nyekundu ilihitaji sahihi mbili. Mzee alitia ya kwake. Ya pili ilikuwa ya mjumbe wa afya. Mukamana alishika kalamu juu ya jina la mtoto wake, mkono ukagoma.

"Tia sahihi, mama," Mukunde akasema. "Maji yale ulikuwa na haki ya kuyamwaga."

Mama akasaini. Mukunde akachukua karatasi, akapaka gundi, akaibandika mwenyewe mlangoni, akaipapasa mpaka pembe zikalala.

Mchana simu ikaita.

"Mukunde, mpenzi, umeniaibisha mbele ya wazee. Lakini mimi nimesamehe. Jumamosi ile bado nakuja kwa wajomba zako. Wale wengine walikuwa wa kazi tu, wewe ndiye wa moyo."

"Niambie kitu kimoja, Révérien. Tangi langu ulilifunua mara ngapi kwa miezi minane?"

"Ah, mambo ya tangi tena..."

"Mara ngapi?"

"...Sikuwa na haja. Nilikuwa nakuamini."

"Hukuniamini. Ulikuwa mvivu. Mimi nikauita uvivu wako mapenzi, nikalisha watu ute. Waambie wajomba zako wanywe bia yao huko huko."

Akakata. Alilia, ndiyo. Msichana ameshapimwa mshanana, atakosaje kulia? Lakini alilia huku anasugua.

Révérien jina lake lilifutwa kwenye kamati wiki ile ile. Sasa anapita barabara ya juu, na bila koti watu hawamkumbuki hata jina.

Jumamosi ya gusaba ilifika. Mukunde alikuwa ndani ya tangi, miguu imevaa buti za mpira, nywele zimefungwa kwa kitambaa, anasugua mara ya saba. Mama yake akatokea bila taarifa. Hakusalimia. Alipanda kwenye kreti, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akapapasa ukuta wote, akanusa vidole.

Kisha akashuka, akakaa kwenye benchi.

"Nina kiu," akasema.

Mukunde akatoka kwenye tangi, akammiminia maji yaliyochemshwa. Mama akayaangalia kwenye mwanga. Akayanywa yote, akaweka kikombe chini, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Jumatatu nitakuja tena," akasema. "Au Jumatano. Sikuambii."

Wewe binti unayesoma hii, na kwenye simu yako kuna mwanaume anayekuita malaika na kukuambia siku ya kuficha uchafu, usinijibu mimi. Nenda dukani kwanza. Muulize muuza duka ni nani mwingine aliyenunua javeli leo.