Kengele ya Roberta

Jumamosi ya kwanza yenye jua baada ya baridi ndefu, duka la pikipiki la upande wa kusini wa Milwaukee lilifurika watu. Nje soseji zilichomwa, ndani wanaume wazima walipapasa vyuma kama wanaochagua ng'ombe wa mahari. Roberta Kubiak, fundi wa kuchomelea, jaketi lake jekundu limemkaa vilivyo, alipanda pikipiki moja kubwa yenye kiti cha chini na usukani mpana.

"Mumeo anapenda rangi gani?" muuzaji akauliza.

"Sina mume. Mnunuzi ni mimi, na nataka ya buluu."

Jamaa mrefu mwenye ndevu za mvi akaangua kicheko. "Umeyataka mwenyewe, kaka!" Akamgeukia Roberta. "Naitwa Lyle, naendesha basi la shule. Hiyo uliyoikalia nimeikodolea macho tangu asubuhi."

"Kodoa tu, baba. Macho hayalipiwi."

Wakaishia kula soseji pamoja. Ya buluu ilibidi iagizwe, na muda wote wa kungoja simu zao hazikupoa.

"Mpenzi, ikija utapanda nyuma yangu?"

"Mimi? Wenzangu wa klabu ya pikipiki watanicheka mpaka nihame mji! Panda wewe nyuma yangu, malkia."

"Kwa mume wangu wa kwanza nilipanda nyuma. Nilichoona duniani ni mgongo wake tu. Sirudi huko, Lyle."

Hakuwa akitania. Alimpenda Lyle mpaka akajiogopa, ila mwanamume asiyeweza kukaa nyuma yake hata mara moja, huyo hakumtaka.

Siku ya kuichukua, Lyle alifika dukani amenyoa, shati limepigwa pasi. Akainama kuikagua. Chini ya injini ilining'inia kengele ndogo, ile ya kufukuza mashetani wa barabarani. Waendesha pikipiki wote wanajua kengele hiyo hainunuliwi na mwenyewe. Hupewa na anayekupenda. Lyle akanyooka, uso umemshuka, akatoka bila kuaga.

Roberta akampigia. "Uko wapi wewe?"

"Kwenye gari. Mwambie aliyekupa kengele akusindikize."

"Nimejinunulia!"

"Hakuna anayejinunulia kengele, Roberta."

"Mimi ninajinunulia! Mume wangu wa kwanza hakuwahi kunipa, wewe ukanyamaza. Ulitaka nitoke bila kengele nikafie njiani?"

Lyle akasema kwa sauti ndogo, "Yako ninayo mfukoni. Niliinunua siku tuliyokula soseji."

Roberta akahisi machozi, akayameza. Aliisukuma pikipiki hadi uani, mbele ya wenzake Lyle wa klabu waliokuwa wakipiga soga, akaiwasha. Lyle akaja mbio kutoka garini, akapiga magoti, akafunga kengele yake kando ya ile nyingine.

"Asante, mpenzi. Sasa panda," Roberta akasema, akipiga kiti cha nyuma.

"Hapa? Mbele ya hawa?"

"Hapa. Au nitaondoka peke yangu, na usinipigie tena."

Na angeondoka kweli. Lyle akawatazama wenzake, akamtazama yeye. Akavaa helmeti, akapanda, akamshika kiuno.

"Jamani, Lyle ameolewa!" mmoja akapiga kelele, na uani kukawa vicheko vitupu.

"Nimeolewa, ndiyo!" Lyle akajibu kwa sauti kubwa kuliko injini. "Una neno?"

Roberta akatia gia.