Janelle Ajibu Ndiyo

Janelle alikuwa dereva wa basi la shule mjini Huonville, kusini mwa Tasmania. Kila asubuhi aliwachukua watoto kutoka kwenye mashamba ya matofaa, akawashusha shuleni, kisha akaenda nyumbani kunywa chai. Siku hiyo chai ilisubiri. Klabu ya netiboli ilikuwa imemchagua kuwa mweka hazina, na benki ilitaka saini yake.

Karani alimpa fomu. Swali mojawapo liliuliza: Je, wewe ni raia wa Marekani?

Janelle alizaliwa Nebraska. Alikuja Tasmania akiwa msichana, akaolewa na Clive, fundi wa matrekta, akalowea huko.

"Uraia ninao," alimwambia karani. "Lakini kodi nalipa hapa hapa. Sidaiwi na mtu."

"Hatukudai, mama. Ila Marekani hutaka ritani za kodi, yaani taarifa za mapato za kila mwaka, kwa raia wake hata wakiishi nje. Ndiyo maana tunauliza. Kajaze nyumbani, utuletee."

Janelle alitoka na fomu mkononi. Hakuwahi kupeleka ritani Marekani tangu aolewe. Tena pasipoti yake ya Marekani ilikuwa imeisha muda, na Aprili mama yake angetimiza miaka themanini. Alikuwa amemwahidi kwamba angekuwepo.

Jioni alimweleza Clive wakila nyama ya kondoo.

"Jaza hapana, yaishe," Clive alisema. "Nani atakufuata huku mwisho wa dunia? Kangaruu?"

"Na pasipoti? Wakininyima je?"

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze, Myanki wangu. Aliyenyamaza hatozwi faini."

Janelle alishika kalamu. Akaiweka chini. Kisha akavuka ua hadi kwa jirani yake Vonda, Mmarekani wa Oregon aliyefuga mbuzi. Kabla ya mbuzi, kazi ya Vonda ilikuwa kuwaandalia ritani Wamarekani wanaoishi nje.

Vonda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"Leo."

"Kabla ya leo ulidhani nini?"

"Kwamba ukilipa huku, umemaliza."

"Ni kweli hiyo, au unaipamba? Maana utaiandika na kuitia saini."

"Kweli tupu, Vonda."

"Basi una bahati. Mpaka jana ulikuwa hujui. Ukiandika hapana kesho, utakuwa umedanganya. Kutojua na kudanganya ni vitu viwili, na sheria haivipimi kwa kipimo kimoja."

Akamweleza. Upo utaratibu maalumu kwa raia wanaoishi nje ambao hawakuwasilisha ritani kwa kutojua. Mtu hupeleka ritani za miaka mitatu, taarifa za akaunti za benki za miaka sita, na maelezo ya ukweli ya kwa nini alichelewa. Akitimiza masharti, hatozwi faini.

"Na kodi yenyewe? Nilipe mara mbili?"

"Kuwasilisha ni kitu kimoja, kulipa ni kingine. Kodi ya mshahara uliyolipa huku inapunguzwa kwenye ya kule. Kwa mshahara kama wako, mara nyingi inabaki sifuri. Lakini sifuri hiyo uiandike wewe. Hawatakuandikia."

"Na pasipoti?"

"Inayozuia pasipoti ni kodi kubwa uliyokwisha kudaiwa rasmi ukashindwa kulipa. Wewe hujadaiwa. Omba pasipoti, mwanamke!"

Jumamosi Janelle alirudi na stakabadhi zake za mshahara, zimepangwa vizuri na kufungwa kwa utepe. Vonda alizitazama akacheka.

"Umenipangia miaka ya Kiaustralia, Julai hadi Juni. Mwaka wa kodi wa kwetu unaanza Januari. Umesahau kwenu?"

Janelle alifungua utepe, akaanza upya. Safari hii, nyumbani, Clive aliketi naye mezani, akisoma stakabadhi kwa sauti huku mkewe akiandika.

"Mbona husemi tena ninyamaze?" Janelle alimchokoza.

"Nimenyamaza mimi. Andika."

Alipomrudia Vonda, walifika kwenye hesabu ya akiba ya kustaafu, na Vonda akainua mikono. "Hapa mimi naishia. Nenda Hobart kwa mtaalamu wa kodi za nchi hizi mbili."

"Na akaunti ya klabu, ukishatia saini, itaingia kwenye taarifa ya mwaka ujao," Vonda aliongeza.

"Lakini si pesa yangu!"

"Saini ni yako. Akaunti zako zote za huku, pamoja na hizo unazozitilia saini, zikijumlishwa zikapita dola elfu kumi za Marekani wakati wowote katika mwaka, unaziripoti zote."

Janelle alikwenda Hobart, kisha ritani zikaenda kwa posta. Taarifa za akaunti zilikwenda kwa mtandao. Kodi iliyobaki kulipwa Marekani ilikuwa sifuri, miaka yote mitatu. Janelle alirudi benki na kujaza fomu kwa herufi kubwa: NDIYO. Pasipoti mpya ilifika kabla ya Krismasi.

Katikati ya Aprili, nyumba ya mama yake huko Nebraska ilijaa ndugu na harufu ya keki. Jikoni, kaka yake Wendell alikuwa ameinamia boksi la viatu lililojaa risiti. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa kesho yake. Jasho lilimtoka.

"Muulize dada yako," mama alimwambia. "Yeye anaishi Tasmania, na ameshamaliza."

"Sisi tulio nje tumeongezewa hadi Juni," Janelle alisema, akijikatia kipande cha pili. "Lakini mimi nilipeleka Machi."

"Na hiyo klabu yako ya netiboli?" mama aliuliza.

"Imo kwenye taarifa."

Wendell alimsogezea kiti. "Kaa hapa, dada. Usiende popote."

"Nimetoka mbali, kaka," Janelle alisema, akaketi. "Mwaka wetu unaanza Januari. Nipe risiti za Januari."