Vibandiko Vyekundu vya Bibi Tulasa

Kila Jumapili alasiri, Bibi Tulasa aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, beseni mbele yake, akiosha taka. Ndiyo, akiziosha! Chupa za achari, makopo ya mafuta ya haradali, madumu ya maziwa, vyote alivisugua mpaka vikang'aa. Kisha alivitia katika mifuko ya plastiki, akaifunga mafundo mawili mawili, na mjukuu wake Pabitra akaitupia kwenye pipa la kifuniko cha njano, lile la taka zinazotengenezwa upya.

"Kaza fundo, mama," Bibi alikuwa akimwambia. "Kule kambini watoto walikuwa wakiokota makopo yanawakata vidole. Anayepokea taka zetu naye ana mama yake."

Tangu wahamie Albury, mji wa ugenini, kutoka kambi ya wakimbizi, Bibi alikuwa amenywea. Kiingereza hakukijua, na baba yake Pabitra alishinda kiwandani. Kazi ya pipa ndiyo pekee aliyoiona kuwa yake. Pabitra, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyesoma kila karatasi iliyoingia nyumbani.

Jumatatu moja walikuta kibandiko chekundu juu ya kifuniko. Pabitra alikisoma kimoyomoyo. Kilikuwa kimeandikwa: "Onyo la kwanza. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi katika pipa hili."

"Wanasemaje?" Bibi aliuliza kwa hamu.

Ulimi wa Pabitra ukatangulia akili. "Wanasema asante, Bibi. Pipa letu ni safi."

Bibi akacheka kicheko ambacho Pabitra hakuwa amekisikia tangu washuke kwenye ndege. Akakibandua kibandiko taratibu, akakibandika kwenye friji, chini ya picha ya mungu wao wa kike, Lakshmi. Pabitra alijiambia kwamba Jumapili ijayo atayafungua mafundo kimyakimya, na mambo yataisha. Lakini Jumapili ilipofika, Bibi hakubanduka pale pipani. Friji ikapata kibandiko cha pili. Pabitra akawa hali akashiba. Kibaya zaidi, Bibi alizipeleka sifa zake kwenye darasa la wazee waliotoka kambini, akawafundisha wenzake kufunga mafundo.

Jumatatu ya tatu lori la taka lilipita bila kulimwaga pipa lao. Kabla Pabitra hajakisoma kibandiko kipya, Bibi Devmaya wa mtaa wa pili aliingia uani akihema, naye akiwa na kibandiko chake mkononi.

"Tulasa, umetuponza! Mjukuu wangu anasema hili ni onyo. Nyumba nne tumeonywa, zote za kwetu! Majirani wanatutazama kama wachafu."

"Mjukuu wako kasoma shule gani?" Bibi alimjibu kwa kejeli. "Pabitra, hebu msomee."

Pabitra alikisoma kwanza kile kipya kilichokuwa juu ya pipa lao. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Ni onyo, Bibi. Vyote vilikuwa maonyo. Hiki cha tatu kinasema Ijumaa watakuja kulikagua pipa, na wakikuta mifuko watalichukua. Nilikudanganya kwa sababu uliosha vizuri sana."

 Bibi aliingia ndani, akavibandua vile viwili, akarudi navyo mkononi. Pabitra angependa achapwe kuliko kuuona uso ule.

Jirani yao, Anti Lorraine, alikuwa amesikia kilio akaja kwenye ua. Bibi akamwambia Pabitra, "Muulize mfuko una kosa gani. Na unitafsirie neno kwa neno."

"Taka hupita mbele ya watu wanaozichambua," Anti Lorraine alieleza. "Mfuko ukifungwa hawajui ndani mna nini. Huutupa na vyote vilivyomo, ama huupasua kwa mikono. Wengine hukatwa na vipande vya chupa."

Pabitra akatafsiri neno kwa neno. Bibi akavitazama vidole vyake.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikiwakata," alisema.

Siku hiyohiyo waliyafungua mafundo yote, wakaitoa mifuko pipani. Kisha Bibi akamshika Pabitra mkono wakazunguka zile nyumba nne. Katika kila nyumba Bibi alieleza kosa la mifuko, na Pabitra akasimama mbele ya wakubwa akaeleza kosa lake. Ijumaa mkaguzi alifunua kifuniko, akachungulia, akaliacha pipa mahali pake.

Jumapili Bibi alirudi kwenye beseni lake.  Akampa Pabitra chupa, tupu na wazi.

"Ulidhani unanitunzia heshima, mjukuu wangu. Mtu mzima akikosea, mwambie, atajirekebisha. Ukimficha, unamwacha aendelee kuumiza watu huku anajisifu. Mimi sina macho ya kusoma hapa ila yako. Kesho wakibandika kingine, nisomee kilichoandikwa, si unachotaka nisikie."