Radhi ya Elisifa

Rafiki yangu Eliaichi, mpima ardhi mstaafu, alijifunza kuzitawala ndoto zake. Kila alipoota alihesabu vidole, na visipotimia kumi alijua yu usingizini. Hapo alimwita marehemu mkewe, Elisifa, aliyefariki kabla hawajapatana, akampa jani la mmea wa isale lililofungwa fundo. Mchagga akiombwa radhi au jambo lolote kwa jani hilo hawezi kukataa. Siku thelathini na tisa Elisifa alilitazama tu.

“Kaka, mwache marehemu apumzike,” Anaeli, dada yake Eliaichi, alimwambia. “Nawe ulale kama watu.”

“Nimechoka, Anaeli. Akinisamehe nitalala.”

Mchana wa arobaini, wingu la masika likiwa limetia giza chumbani, alimwamuru Elisifa ndotoni alipokee jani. Mkono wa Elisifa ukainuka taratibu, kama unaovutwa.

“Umenilazimisha,” akasema. “Sasa na mimi nina la kukuomba.”

Eliaichi akaamka. Nje palisikika mlio mwembamba wa majani yanayokazwa, ingawa hapakuwa na upepo. Akatoka. Kwenye uzio wa isale, kuanzia kaburini kwa Elisifa hadi dirishani pake, kila jani lilikuwa limefungwa fundo. Akayahesabu kwa mazoea ya kazi. Fundo la mia na saba lilikuwa bado linajikaza.